Sarafu ya Mjerumani: Uipeleke Ikapangiwe Daraja, au Ubaki na Hela Yako?

Mzee mmoja wa Mpwapwa alifungua mafundo mawili ya kitambaa, akaniwekea kiganjani rupia, sarafu ya fedha ya enzi za Mjerumani. Ya mwaka 1905, Kaiser Wilhelm, mfalme wa Ujerumani, upande mmoja, shada la majani upande wa pili, na herufi J ndogo kuonyesha ilipigwa Hamburg. Iling'aa kama kijiko cha harusi.

"Shikamoo babu. Umeifanyaje mpaka ikawa hivi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Majivu na ndimu. Nimesugua siku nzima, sasa ipeleke Marekani wakaipime."

Niliigeuza juani. Mikwaruzo myembamba ilizunguka uso mzima wa Kaiser, yote ikielekea upande mmoja, alama ya kidole gumba cha babu. Ningeipeleka, ingerudi imeandikiwa kwamba imesafishwa, bila namba ya daraja, na gharama zingekuwa zetu.

Tangu hapo kila anayeniletea sarafu hapa Dodoma namuuliza kwanza kama ameiosha. Na kwa kuwa wengi huuliza hilohilo, yaani "niipeleke ikapimwe?", nimepanga njia zilizopo kuanzia ninayoipendekeza zaidi hadi nisiyoipendekeza kabisa.

Kwanza ujue unachonunua. Kampuni mbili kubwa ni PCGS ya California, iliyoanza 1986, na NGC ya Florida, iliyoanza 1987. Unawapelekea sarafu, wanakagua kama ni halali, wanaipa namba kati ya 1 na 70, kisha wanaifungia kwenye kasha gumu la plastiki lenye namba ya usajili. Kipimo hicho kilitokana na William Sheldon, Mmarekani aliyekibuni 1949 kwa ajili ya senti kubwa za kwao. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haijatumika sokoni. Kwa hiyo unalipia maoni ya mtaalamu na kasha. Ubora unabaki ule uliokuja na sarafu yenyewe.

Namba 1: mizani, sumaku na kifuko

Kwa sarafu tisa kati ya kumi ninazoziona huku, ishia hapa. Nunua mizani ndogo ya sonara inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Rupia halali ya fedha ina gramu 11.66 hivi; iliyochakaa hupungua kidogo, lakini ikisoma 9 rudisha na uondoke. Sumaku ya spika mbovu inatosha kwa jaribio la pili, maana fedha na shaba havinaswi. Kisha iweke kwenye kifuko kisicho na PVC, kwa sababu plastiki laini ya bei rahisi hutoa ukungu wa kijani unaokula sarafu. Ishike kwenye kingo tu.

Hapa ndipo zinapoangukia heller, zile sarafu ndogo za shaba za Mjerumani, ambazo wanunuzi wa skrepa huzipata ndani ya makopo ya misumari, senti za tundu za Afrika Mashariki, na shilingi za Nyerere zilizoanza 1966. Zile za Mwalimu, yenye mwenge, yenye sungura, yenye mbuni, zilipigwa kwa mamilioni. Ukisikia mtu anatafuta shilingi ya mwenge kwa milioni kumi, huyo anatafuta nauli yako. Na ukitaka kicheko, kumbuka kwamba neno lenyewe "hela" tumelitoa kwenye hiyo heller. Mia moja kati yake zilifanya rupia moja kuanzia 1904.

Namba 2: kununua iliyokwisha kupangiwa daraja

Hii ni kwa mwenye fedha anayetaka kitu kizito, na kizito kuliko vyote kwetu ni rupia 15 za dhahabu za Tabora. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamezingirwa na meli hazifiki, wakapiga sarafu kwenye karakana ya reli pale Tabora, kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke, hapo Iramba, jirani zetu wa Singida. Tembo ameinua mkonga mbele ya milima. Gramu 7.17 hivi, upana milimita 22, na zilitoka kama elfu kumi na sita tu. Bei yake leo ni dola elfu kadhaa, ndiyo maana za bandia zimejaa.

Usinunue hii kwa mtu wa pembeni ya stendi, hata akikuapia kwa mama yake. Nunua iliyo kwenye kasha, kisha ingiza namba ya usajili kwenye tovuti ya kampuni husika ulinganishe picha, mkwaruzo kwa mkwaruzo. Makasha nayo yanaghushiwa, kwa hiyo karatasi ya ndani pekee isikutulize.

Namba 3: kupeleka kupitia muuzaji aliyesajiliwa

Ada za huduma ya kawaida zinaanzia kwenye dola 20 na ushei kwa sarafu moja, yaani shilingi 50,000 na zaidi. Hapo hujalipa usafiri wa kwenda na kurudi wala bima, na kwa kifurushi kidogo usafiri peke yake unaweza kuizidi ada. Muuzaji mwenye akaunti kwenye kampuni hizo hukusanya za watu wengi akazituma pamoja, mkagawana nauli. Mdai risiti yenye picha ya kila sarafu, pande zote mbili, kabla haijatoka mkononi mwako.

Kanuni yangu: kama daraja zuri halitaongeza bei angalau mara tatu ya gharama zote, iache nyumbani. Zinazopita kipimo hicho ni chache: rupia 2 za 1893 na 1894, rupia yoyote ambayo bado ina mng'ao wa kiwandani, na baadhi ya heller 20 za Tabora. Hizi za Tabora zina burudani yake. Zilipigwa nyingi, za shaba nyekundu na za shaba njano, lakini taji na herufi zake hutofautiana kufuatana na muhuri uliotumika, na michanganyiko mingine ni adimu. Nimekaa jioni nzima na lenzi nikilinganisha mikia ya herufi L mpaka chai ikapoa. Jua mchanganyiko wako kabla ya kulipa.

Namba 4: kutuma mwenyewe

Inawezekana, ila utalipia uanachama kwanza, na kampuni kadhaa za usafirishaji hazipokei fedha wala dhahabu, kwa hiyo uliza kaunta kabla ya kufunga boksi. Usidanganye kwenye fomu ya forodha. Ikipotea, bima italipa ulichoandika. Vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, kama sarafu za masultani wa Kilwa, vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Hivyo usivipeleke nje kiholela.

Namba 5: "cheti" cha mtaani

Kuna jamaa aliwahi kunitoza 30,000 akanipa karatasi yenye muhuri na maneno "daraja la kwanza". Sarafu yenyewe ilikuwa na tundu la mkufu. Basi.

Rupia ya babu nilimrudishia ikiwa kwenye kifuko. Aliishika kwenye kingo kama nilivyomwonyesha, akaniuliza kama ile nyingine, ambayo bado ni nyeusi, aiache hivyohivyo.

"Ipo nyingine, babu?"

Akaanza kufungua fundo la tatu.