Pokémon Black & Blue: hasira nyingi, hoja kiduchu

Nimekulia Lamu, ambako mizigo bado inabebwa na punda. Nakijua kidonda cha mgongoni, pale shogi inaposugua kila siku mpaka manyoya yanatoka na nzi wanahamia. Kwa hiyo mtu akiniletea gemu la kutetea wanyama, hana haja ya kunibembeleza.

Hili lilitolewa na PETA, shirika la kutetea haki za wanyama, mwaka 2012, la bure, la kuchezwa kwenye kivinjari. Linaikejeli Pokémon, magemu ya Kijapani ambamo watu hukamata viumbe waitwao Pokémon na kuwapiganisha. Nililicheza enzi hizo saiba, na juzi nimelirudia kwa programu ya kuigiza Flash, ile teknolojia iliyoendesha magemu ya kivinjari, maana Flash yenyewe ilizikwa mwisho wa 2020. Unampata Pikachu, yule Pokémon maarufu, mwenye majeraha, amechoshwa na mateso, anawageuzia kibao watu waliokuwa wakimpiganisha. Ile kaulimbiu ya Pokémon ya kuwakamata wote imekuwa ya kuwaachia huru wote. Hapo nilicheka, sikatai.

Kisha? Unachagua pigo, unampiga mtu, inakuja zamu yake, anakupiga, nawe unampiga tena. Gemu linalolaani kupiganisha wanyama halikupi kazi nyingine ila kupiganisha mnyama. Mpwa wangu alikuwa akichungulia. "Mjomba, si huyu kakataa kupigana?" Nikajifanya sijasikia.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba watengenezaji wa Pokémon wenyewe walikuwa wamekwisha kulishika swali hili, tena vizuri kuliko wakosoaji wao. Katika gemu zao za Black na White, zilizotoka Japani mwaka 2010, yumo kijana aitwaye N, aliyelelewa pamoja na Pokémon walioumizwa na binadamu. Anaielewa lugha yao, anataka watenganishwe na watu. Halafu anakutana nawe, anamsikia Pokémon wako akisema anakupenda, na hesabu zake zote zinavurugika. Mchezaji naye anabaki hana uhakika.

PETA hawakuacha nafasi ya mtu kuvurugikiwa. Wakufunzi wao, yaani watu wanaowapiganisha Pokémon, ni makatili tu, basi. Lahaula, hata chai yangu haikuwahi kupoa nikawa nimeshaelewa kila kitu walichotaka kusema.

Nyota mbili kati ya tano, moja ni ya kile kicheko. Kuna jirani yetu mmoja, asubuhi humchapa punda wake kwa fimbo gatini, jioni humwingiza baharini akamsugua mgongo taratibu, akizungumza naye. Nililitafuta gemu zima kama yumo mtu wa namna hiyo.