Mtego wa ndoo wa viwavijeshi vamizi: nimeufungua, nimehesabu, nina ya kusema

Karibuni tena, karibuni sana. Hii ndiyo ile ndoo mliyonisumbua nayo kwenye maoni tangu video ya mwarobaini. Mtego wa feromoni, kifuniko cha kijani, faneli ya njano, ndoo nyeupe. Mmeshauona kila mahali, kwa hiyo sitakaa hapo.

Ila kwanza boksi lake, maana limenikera. Someni na mimi: "Inamaliza viwavi shambani." Haimalizi! Chambo cha feromoni kinanukia kama nondo jike, mama wa viwavi hawa, anayetafuta dume, basi wanaoingia humu ni madume peke yao. Majike wako kwenye mahindi wanataga, na jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 maishani mwake. Mkulima akiamini boksi, ananing'iniza ndoo, anarudi nyumbani kulala. Siku anaamka majani yametobolewa, anasema mitego ni utapeli. Inaniuma, kwa sababu kifaa chenyewe ni kizuri mno. Kimeletwa kukupa hesabu, basi.

Na hesabu ndiyo ninayoipenda. Sogeza kamera hapa. Nazungusha ndoo kidogo tu, imeachia. Namimina kwenye karatasi nyeupe. Mnaona walivyo wakavu? Maji ya mvua yametoka kwa vitundu vya chini, hakuna aliyeoza. Huyu mtazameni bawa la mbele: kwenye ncha pana doa jeupe la pembetatu, na katikati pana jingine limelala mshazari. Huyo ni dume wa kiwavijeshi vamizi, hana mjadala. Huyu wa pembeni yake ni kahawia tupu, hana doa la ncha. Nondo mwingine tu, kapita njia, simhesabu. Watu wengi wanakosea hapo: wanahesabu kila chenye mabawa, wanaingiwa hofu, wanabeba bomba la dawa mgongoni kabla ya wakati. Haya: mmoja, wawili, watatu... kumi na wanne. Wiki iliyopita walikuwa watatu. Kutoka 3 hadi 14! Hapo ndoo imenipigia kengele kwamba majike wanataga siku hizi hizi.

Ule mtego wa delta, wenye bamba la gundi, ungenipa kazi. Ukimbandua nondo, magamba ya bawa yanabaki kwenye gundi, na doa unalolitafuta limeondoka nayo. Vumbi likijaa, gundi haishiki tena. Lakini nisiudhulumu: kwa kantangaze kwenye nyanya naushika delta kwanza, maana vile vinondo ni vidogo sana na gundi inavidaka vizuri. Na bei yake iko chini, ndoo ni ghali, sitawaficha. Ndoo unaiosha msimu hadi msimu, kinachokula pesa ni chambo, kila wiki 4 hadi 6 kinataka kingine. Kwa hiyo kabla hujalipia ndoo, uliza kama chambo cha kubadilisha kinapatikana. Kama hakipatikani, iache hapo hapo.

Kasoro ninayo moja. Kile kikapu cha chambo kimebana. Unakisukuma kile kizibo cha mpira chenye harufu, hakiingii, unashawishika kuvua glavu. Usivue. Msimu uliopita nilishika chambo cha kantangaze, nikashika na hiki kwa glavu zile zile, harufu zikachanganyika, wiki mbili nzima hesabu yangu haikueleweka. Watengenezaji, panueni hicho kikapu, tafadhali.

Habari ya chaneli kidogo: video zinahamia Ijumaa. Jumatatu nataka iwe siku ya kuhesabu mitego, na ninyi mniandikie hesabu zenu chini. Kwa mnaoanza, ndoo ining'inie sentimita 30 hivi juu ya mahindi, muwe mnaipandisha yanavyokua.

Sasa twende shambani, maana 14 peke yake haitoshi kuamua dawa. Natembea kama ninaandika herufi W, nasimama sehemu 5, kila sehemu mimea 10. Mayai yanaanguliwa kwa siku 2 hadi 3 kukiwa na joto, na viwavi vikishakua vikaingia moyoni mwa mmea, dawa haivifikii tena vizuri. Huu mmea mzima. Huu pia. Huu... subiri. Geuza jani. Sogea, sogea. Mnaona hiki kidoa, kama kimefunikwa manyoya ya kijivu? Mayai hayo! Bado hayajapasuka hata moja. Nayaponda kwa kidole, hivi. Bomba limebaki nyumbani, na mimea iliyobaki hapa bado sijaigeuza. Kamera ifuate.