Programu ya maua iliyomkausha mama yangu

Naandika nikiwa na hasira, na sitaki ipoe kabla sijamaliza.

Programu yenyewe inageuza skrini ya simu kuwa bustani. Kila unayewasiliana naye ana ua lake, na picha yake iko katikati. Mkiongea sana linachanua, mkinyamaziana linanyauka. Nilipoiweka, miezi kadhaa nyuma, niliipenda hata nikawaonyesha wenzangu kazini. Hufungui kitu, ukiinua simu kutazama saa, umeshawaona watu wako.

Basi mama akaja Dar kutibiwa macho. Jioni moja akachukua simu yangu aangalie saa. Akaisogeza karibu kabisa na uso, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga. Kisha akaniuliza taratibu, “Mwanangu, mbona mimi nimekauka?”

Nikatazama. Ua lake liko kona ya chini, la kahawia, petali tatu zimeshadondoka, na yeye katikati na mtandio wake wa Idi. Pembeni yake ua jekundu limejaa nusu ya skrini: namba ya watu wa mikopo ya mtandaoni, wanaonisumbua kutwa kwa deni la mtu niliyewahi kufanya naye kazi, deni ambalo hata sikulidhamini.

Nilikosa pa kuuficha uso. Mama naongea naye kila usiku! Ila ni kwa video ya WhatsApp, mjukuu wake akimshikia simu, na programu hii inasoma kumbukumbu za simu za kawaida tu. Ndiyo maana inataka uifanye programu kuu ya kupigia: tangu 2019 Google imebana programu za dukani kwake zisiguse kumbukumbu hizo hivihivi. Nikawapa ruhusa yote hiyo, halafu mdai wa watu anachanua na mama yangu ananyauka.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, nikaeleza yote. Jibu: “Mpendwa mteja, ua hunyauka kwa kukosa mawasiliano. Jaribu kumpigia mara kwa mara.” Yaani nifundishwe na mtu asiyenijua namna ya kumjali mzazi wangu!

Miaka ya 1990 pale Xerox PARC, maabara ya utafiti wa kompyuta huko California, msanii Natalie Jeremijenko alitundika uzi wa plastiki darini, ukawa unazunguka kadiri data inavyopita kwenye mtandao wa ofisi. Uzi ulitikisika tu, haukusema nani yuko karibu na nani. Hawa wamehesabu simu, wakaziita upendo. Nyota moja, na hiyo moja nawapa kwa shingo upande.

Lakini niseme na hili, maana ni kweli. Nilipokuwa naifuta niliona ua jingine kavu, la kaka yangu wa Mwanza. Hilo halikuonewa. Tangu yale mambo ya kiwanja hatujasalimiana, si kwa simu, si kwa WhatsApp. Nikampigia palepale, nimesimama jikoni. Akapokea mlio wa kwanza, hata salamu hakutoa: “Nani amefariki?”

Tuliongea mpaka salio likakata. Basi nyota mbili, labda tatu, na bado sijaifuta. Ila mama nimemtoa kwenye hiyo bustani yao. Sitaki ajione vile tena.