Ibn Battuta au Marco Polo: ungesafiri na nani?

Marco Polo, msafiri wa Italia, aliondoka Venice mwaka 1271, akarudi 1295. Miaka mingi aliitumia China, kwa mfalme wa Wamongolia, Kublai Khan. Ibn Battuta aliaga kwao Tangier, Moroko, mwaka 1325 akiwa na miaka 21, akazunguka karibu miaka 30, na kwetu pwani ya Afrika Mashariki alifika. Mogadishu alipakuliwa wali wa samli na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Mombasa akaona watu wakiosha miguu kabla ya kuingia msikitini. Kilwa, mwaka 1331, akamkuta Sultani Hasan bin Sulaiman. Polo je? Alidai Zanzibar ni kisiwa chenye mzunguko wa maili 2,000. Ya kusikia hayo! Mimi ningepanda jahazi la Ibn Battuta, ingawa naye alikuwa akioa na kuacha njia nzima.