Kituo Kipya cha Jamii na Wazee: Tathmini ya Namna Kaunti Ilivyokusanya Maoni Yetu

Kaunti yetu ya pwani ya Kenya, ambayo sitaitaja jina, inakusudia kujenga kituo cha jamii chenye sehemu maalumu ya wazee kwenye kiwanja cha umma ambacho kwa muda mrefu malori yamekuwa yakilala. Ujenzi bado haujaanza, kwa hiyo ninachokipima hapa ni huduma iliyokwisha kutolewa: ukusanyaji wa maoni ya wakazi, ulioendeshwa na idara ya huduma za jamii pamoja na kampuni ya wasanifu majengo iliyopewa kazi ya kuchora ramani. Nasema mapema kwamba ramani imefaidika sana na maoni hayo, ila kuhusu namna kituo kitakavyoendeshwa hatukuulizwa karibu lolote.

Mwanzo ulikuwa mbovu. Tangazo la kikao cha kwanza lilichapishwa gazetini kwa Kiingereza, kisha likabandikwa kwenye ofisi ya wadi, mahali ambapo mzee hafiki ila awe na shida ya malipo ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee fedha za kujikimu. Kikao chenyewe kiliwekwa Ijumaa saa tano asubuhi, na kabla ajenda ya pili haijaguswa watu walikwisha kuanza kuondoka mmoja mmoja kwenda kujiandaa kwa sala. Ibara ya 57 ya Katiba ya 2010 inataka wazee wawezeshwe kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inadai wananchi wapate habari kwa wakati. Karatasi ya mlangoni huenda ikamridhisha mkaguzi wa hesabu, lakini haimtoi mtu nyumbani.

Malalamiko yalipofikishwa na wazee wa mtaa, maofisa walibadilisha mwendo, na hapa wanastahili sifa. Walikuja baada ya laasiri hadi barazani, penye bao na kahawa, na siku iliyofuata wakaenda kwenye ua ambapo kina mama wazee hukaa wakisuka ukili, kwa kuwa wanawake hao wasingekwenda kusema lolote mbele ya wacheza bao. Swali nalo likabadilika. Ukimuuliza mkazi anataka nini, atakutajia zahanati, maji na barabara, kama anavyomtajia kila mgombea. Hawa waliomba kila mmoja aeleze siku yake tangu alfajiri, anapita wapi, anapumzika wapi, jua linapokuwa kali anajibanza wapi. Majibu ya namna hiyo yanachoreka.

Jambo lililonivutia kuliko yote lilikuwa choo. Msanifu mmoja kijana alichukua chaki akakichora sakafuni kwa ukubwa wake halisi, pamoja na mlango wa sentimita 70, akamwomba bibi mmoja anayetembea kwa fremu ya chuma aingie. Bibi aliingia polepole, akajaribu kugeuka, miguu ya fremu ikavuka mstari wa ukuta. "Mwanangu," akasema, "kuingia nimeingia, lakini kutoka nitatoka kinyumenyume." Katika ramani mpya mlango una sentimita 90 na unafunguka kwa nje, choo ni cha kukaa, na vyuma vya kushikilia vimewekwa pande zote mbili. Fundi mwashi mstaafu naye aliuliza kuhusu njia ya mteremko ya kuingilia: sakafu imeinuliwa sentimita 45 kwa sababu ya maji ya masika, na kwa kipimo kilichozoeleka cha moja kwa kumi na mbili, yaani kila sentimita moja ya kupanda ipate kumi na mbili za urefu, njia hiyo inahitaji mita 5.4, ilhali ramani ilionyesha mita tatu. Mwenye kiti cha magurudumu angeteleza hadi barabarani. Kosa hilo limerekebishwa, na ukumbi wa wazee, ambao kwa sababu isiyoeleweka ulikuwa umepandishwa ghorofani, umeshushwa chini ukapewa veranda yenye mabaraza ya saruji.

Vijana walidai uwanja wa mpira wa vikapu, wakapewa upande wa nyuma, mbali na veranda. Hapakuwa na ugomvi.

Kwa uchoraji naipa huduma hii nyota nne kati ya tano. Kwa yaliyobaki naipa moja, kwa sababu kila tulipouliza nani atakaa na ufunguo, kituo kitafungwa saa ngapi, na bili za maji na umeme zitalipwa na nani, tulijibiwa kwamba hayo yatazungumzwa baadaye. Hofu yetu ina msingi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwa maendeleo, na jengo huingia katika fungu hilo bila tabu. Mlinzi, msafishaji na muuguzi wa kupima shinikizo la damu hulipwa kutoka fungu la matumizi ya kawaida, ambalo mishahara iliyopo hulimeza mapema. Ndiyo maana kumbi nyingi za kijamii nchini huishia kufunguliwa Jumamosi tu, kwa harusi ya aliyelipa. Wazee walipendekeza kwamba pesa za kukodisha ukumbi kwa harusi na mikutano ziwekwe kwenye akaunti ya kituo chini ya kamati ya wakazi, pendekezo zuri kuliko yote niliyoyasikia, na katika taarifa ya idara halikuandikwa.

Makadirio ya bajeti yanapaswa kufika katika bunge la kaunti kabla ya mwisho wa Aprili, na idara imeahidi kikao kimoja zaidi kabla ya hapo. Atakayehudhuria asikubali kuonyeshwa ramani tena. Aombe ukurasa wa matumizi ya kawaida, atafute jina la kituo, na kama halimo adai jibu lake liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.