Kitabu cha Jenerali Sickles: nimekinunua kwa ajili ya ramani

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo nina kitabu cha maisha ya Daniel Sickles, yule wakili wa New York aliyekuwa mbunge kisha jenerali. Jalada na karatasi mnaziona wenyewe, sitapoteza muda. Nyuma kabisa kuna ramani ya kukunjua, na hiyo ndiyo iliyonifanya niwashe kamera usiku huu.

Haya, nasogea. Hapa ni Gettysburg, Pennsylvania, tarehe 2 Julai 1863, Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, Kaskazini dhidi ya Kusini, na Sickles yuko Kaskazini. Mgongo huu wa kilima unaitwa Cemetery Ridge. Nimepanga punje mia za maharage, kila punje askari mia moja, kwa sababu Kikosi cha Tatu cha Sickles kilikuwa na watu kama 10,000. Jenerali Meade, mkuu wa jeshi lao, alitaka wakae hapa, mstari ushuke mpaka kilima hiki cha Little Round Top. Angalia kidole changu sasa. Sickles akaona mbele yake, kwenye shamba la mipichi, Peach Orchard, ardhi imeinuka kidogo, akapeleka kikosi kizima huko bila amri, karibu kilomita moja. Nazisukuma... mmeona? Little Round Top hakuna mtu. Kulia, wenzake wamebaki nyuma, pengo. Na hii ncha ya Peach Orchard inapigwa mizinga pande mbili. Sasa nazitoa punje za waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea: kumi, ishirini, thelathini, arobaini, na bado. Zaidi ya watu 4,000. Tazama zilizobaki mezani.

Kile kitabu nilichowaonyesha mwezi uliopita kina picha nzuri kuliko hiki, lakini ramani hakina, na vita bila ramani ni majina tu.

Nilianza kusoma nikiwa nimemkasirikia sana huyu mtu. Halafu nikafika kwenye mapigano ya Chancellorsville, miezi miwili kabla ya Gettysburg. Pale aliamriwa aache mwinuko wa Hazel Grove, akaondoka, na jeshi la Kusini likaweka mizinga yake palepale na kuwapiga wenzake Sickles. Basi alipoona mwinuko mwingine Gettysburg, hakutaka yajirudie. Hasira yangu ikapungua. Haijaisha, maana amri ni amri.

Yeye mwenyewe siku hiyo alipigwa na risasi ya mzinga, mguu wa kulia ukakatwa. Mfupa akaupeleka kwenye makumbusho ya tiba ya jeshi, ndani ya kisanduku kidogo, na baadaye alikuwa akienda kuutazama. Upo hadi leo, Silver Spring, Maryland. Mlioko huko, nendeni mkauone, mniandikie.

Ninachokichukia ni sura ya 1859. Sickles alimpiga risasi Philip Barton Key mchana, karibu na Ikulu ya Marekani, kwa kuwa Key alikuwa na uhusiano na mkewe. Mahakamani mawakili wake, Edwin Stanton akiwamo, wakajenga hoja ya wazimu wa muda, akaachiwa. Mwandishi amejaza kurasa na kurasa za mawakili. Teresa, mke mwenyewe, aya mbili! Binti aliyezaliwa 1836, akaolewa 1852 na mwanamume wa miaka 32, akafa 1867. Nilitaka kumjua huyo.

Bei ni shilingi 62,000, na usafiri ukaongeza 18,000. Muuzaji alikikunja kwenye bahasha nyembamba, ramani ikachanika hapa kwenye pindo, nimeibandika kwa gundi ya karatasi. Mkiagiza, sisitizeni boksi gumu.

Alhamisi nitakuwa mubashara saa mbili usiku, na ramani itakuwa mezani. Wengi mmeniuliza kuhusu 1895, Sickles akiwa amerudi bungeni, muswada aliopeleka ulipoufanya uwanja wa Gettysburg kuwa hifadhi ya taifa. Punje siziondoi, tutaanzia hapahapa zilipo.