Tahadhari: Nimeuziwa Povu la Kuta kwa Jina la Kiini cha Boti

Waungwana wenzangu mnaofufua boti kuukuu za fibaglasi, nawaandikia nikiwa na hasira, na pia na aibu ambayo nimejaribu kuificha kwa siku tisa nikashindwa. Kuna muuzaji anayetangaza mtandaoni mabamba ya povu gumu la plastiki ya PVC kwa ajili ya viini vya boti, yaani tabaka jepesi linalokaa katikati ya ngozi mbili za fibaglasi, kwa bei iliyo chini kidogo ya wenzake, kidogo tu, kiasi cha kumfanya mnunuzi ajione amepata bahati bila kujiuliza maswali. Mimi nilijiona nimepata bahati. Wanaonifahamu wanajua boti hii ilivyonifikia na ubishi uliozuka nyumbani juu ya kuitengeneza, kwa hiyo hayo sitayarudia.

Nilikuwa nimekwisha kukata ngozi ya ndani kwa grainda na kukwangua kiini cha zamani cha balsa, mti mwepesi, kilichokuwa kimeoza chote kutoka tezi, yaani nyuma ya boti, hadi karibu na omo, yaani mbele, kazi iliyonichukua wiki nzima nikiwa nimefungwa barakoa na kuwashwa mwili mzima. Ilibaki ngozi ya nje peke yake, ambayo ukiisukuma kwa kiganja inayumba. Fibaglasi ya unene fulani ukiigawa katika ngozi mbili na kuweka katikati kiini chenye unene ule ule, ukakamavu wake huongezeka takriban mara 7 huku uzito ukiongezeka kidogo mno. Lakini hesabu hiyo husimama pale tu ambapo kiini hakibonyei, hakikatiki na hakiachani na ngozi zake. Kwa hiyo sikwenda kununua kwa pupa. Nilikwenda nikijua ninachokitaka: povu la PVC la vishimo vilivyofungwa, unene wa milimita 20, uzito wa kilo 80 kwa mita moja ya ujazo.

Mniruhusu nieleze kwa nini nilimwamini, maana nimekwisha kuambiwa na watu wawili kwamba ni tamaa iliyoniponza, na si kweli. Mtu huyu aliijua kazi. Nilipomwuliza kuhusu balsa hakuikashifu, bali alinieleza kwamba balsa iliyokatwa kichwa, yaani nyuzi zake zikisimama wima kutoka ngozi moja hadi nyingine, huhimili kubonyezwa kuliko mapovu mengi, ila mwenye boti asiyeweza kuapa kwamba kila tundu la skrubu limezibwa sawasawa, maji yasiingie, ni heri akae mbali nayo. Alinikumbusha kwamba pale panapopita mabomba ya maji ya bahari kiini chochote kiondolewe na pajazwe fibaglasi tupu. Maneno hayo yote ni ya kweli, na ndiyo yaliyonimaliza. Kisha mimi nilitaka mabamba 15, naye akaomba vipimo, akapiga hesabu, akaniambia, "Mkuu, 12 yanakutosha, usitupe fedha zako." Niambieni, ni tapeli gani anayempunguzia mnunuzi mzigo?

Akanitumia kipande cha mfano. Nilikibonyeza kwa ukucha, hakikuacha alama. Nilikivunja, vumbi halikutoka. Nilikitumbukiza katika kopo la asetoni, kimiminika kinachoyeyusha baadhi ya plastiki, kwa dakika kadhaa kikatoka na umbo lake lile lile. Niliridhika, nikatuma fedha zote kwa mkupuo, fedha ambazo nilikuwa nimejinyima kwa miezi mingi.

Mzigo ulipofika ulikuwa furushi moja lililoviringishwa plastiki nyeusi, na kingo zake zote nne zimezibwa kwa utepe mpana, "ili pembe zisivunjike njiani." Nilichana plastiki ya juu, nikakata kipande kidogo kwenye kona ya bamba la kwanza, nikarudia jaribio la asetoni mbele ya kijana aliyeleta. Salama. Nikatia sahihi. Sikugusa bamba la pili, wala la tatu, wala mengine yote. Hili ndilo linaloniamsha usiku, kwamba nilikuwa na kopo la asetoni mkononi na mabamba 11 miguuni mwangu, nikajiona mwerevu kwa kupima moja.

Siku iliyofuata nililaza bamba hilo la kwanza upande wa tezi, juu ya resini, ile gundi ya fibaglasi, nzito niliyoichanganya kama uji, nikaligandamiza kwa mifuko ya mchanga. Lilishika vizuri kabisa. Kwa furaha hiyo, kesho yake nikayakata mabamba manne kwa pamoja, nikapaka resini ya poliesta kwenye ngozi ya nje, nikayapanga, kisha nikakoroga ndoo kubwa zaidi ya zote nilizowahi kukoroga, nikatia kichocheo cha kuigandisha, nikamimina juu ya bamba la mbele na kuanza kuitandaza kwa rola. Sauti ndiyo iliyotangulia: mchakacho mdogo, kama wa povu la sabuni linalopasuka sinkini. Kisha rola ikazama. Nilidhani nimetoboa plastiki fulani iliyosahaulika, nikaivuta, ikaja na utelezi mrefu wa manjano, na chini yake bamba la milimita 20 lilikuwa limebaki ukoko usiofika milimita tano. Nilipogeuka kuangalia yale mengine matatu, yaliyokuwa yamelala juu ya resini tangu robo saa iliyopita, yalikuwa yanadidimia yenyewe pole pole, kama godoro lililoketiwa na mtu asiyeonekana.

Mnajua kilichotokea. Resini ya poliesta imeyeyushwa katika kimiminika kiitwacho stirini, na stirini hula polistirini. Nilichouziwa ni mabamba ya polistirini yanayowekwa kwenye kuta na paa za majengo kuzuia joto, ya rangi ile ile ya manjano hafifu, yakiwa yamefunikwa kwa bamba moja halali juu. Ndoo ilikuwa inaanza kupata moto mikononi, nami nimepiga magoti ndani ya tumbo la boti nikichota uchafu ule kwa mwiko na kuutupa nje, hadi ukaganda na mwiko ukabaki humo humo. Sasa nina kidonda cha ujiuji mgumu chenye ukubwa wa kitanda, ambacho hakikukomaa vizuri wala hakitoki, na itanibidi nikisage kwa grainda juu ya ngozi ile ile nyembamba niliyoogopa hata kuisukuma kwa kiganja.

Nilimpigia. Akaniuliza kwa upole nilitia kichocheo kiasi gani. Nikamwambia asilimia moja na nusu. Akasema resini yangu bila shaka ni mbovu, akanipa pole, akaahidi kunipigia jioni, na tangu jioni hiyo namba yake haipatikani kwangu, ingawa kwa simu ya jirani inaita.

Wapo watakaoniambia kwamba ningetumia resini ya epoksi badala ya poliesta, kwa kuwa hushika vizuri zaidi juu ya fibaglasi ya zamani. Kuhusu kushika wana haki. Lakini epoksi haina stirini na haiyeyushi polistirini, kwa hiyo ningeyafunika mabamba yote 12, ningeyapiga rangi na kushusha boti majini nikiwa na watoto ndani, na ukweli ungejitokeza siku ambayo wimbi lingepiga ubavu na kiini kikakatika katikati ya ngozi mbili. Ndiyo maana sikubali lugha ya "biashara imeharibika" anayoitumia mpatanishi mmoja aliyenifuata. Huyu si mfanyabiashara aliyekosea. Aliziba kingo kwa utepe. Alichagua rangi. Aliweka bamba zuri juu. Anayefanya hivyo anajua chombo kitabeba watu, na anastahili kufikishwa mahakamani kwa udanganyifu na kwa kuhatarisha maisha, afilisiwe, arudishe fedha ya kila aliyemwuzia, na kabla ya kufungwa aketishwe ngamani mwa boti iliyojengwa kwa bidhaa yake mwenyewe, avushwe katika bahari iliyochafuka. Nimekwisha kupeleka malalamiko rasmi pamoja na mabamba yaliyobaki, na yeyote aliyenunua kwake na ajitokeze tuunganishe ushahidi, kwa sababu mlalamikaji mmoja hupuuzwa.

Ishara zilikuwepo, nazitaja kwa haraka kwa sababu kuzitaja kunaniumiza. Hakukuwa na chapa wala namba ya toleo juu ya bamba lolote isipokuwa lile la kwanza. Hakuweza kunipa karatasi ya vipimo ya kiwanda. Alidai hakuna haja ya mabamba yenye mikato ya miraba na wavu nyuma, yale yanayojipinda kufuata umbo la ubavu, ati ningeyapinda kwa joto, jambo linalowezekana kwa PVC lakini alilisema upesi mno. Pimeni kila bamba, si la juu peke yake. Asetoni huifanya polistirini iwe ute papo hapo.

Na kuna uzito. Bamba la mita 1.22 kwa 2.44 lenye unene wa milimita 20, kwa kilo 80 za mita ya ujazo, huwa na karibu kilo 4.8, hivyo mabamba 12 yangefika kilo 57. Nimeyapima yale ya uongo juzi: hakuna lililofika kilo mbili. Kijana aliyeuleta mzigo alilibeba furushi lote kichwani, peke yake, huku akizungumza na simu, nami nilimshika mkono nikamsifu kwa nguvu zake.